Kaka anataka injini ya Toyota, Baba anataka 109 yake

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni wa pili kati ya watoto watatu, nafundisha shule ya msingi hapa Njombe mjini. Wazazi wetu wako kijijini, upande wa barabara ya Ludewa. Baba alikuwa bwana shamba mpaka akastaafu, sasa ana miaka 77. Ana pikapu, Land Rover 109 ya mwaka 1976, Series III, ya petroli. Aliinunua mwaka 1987 kwenye mnada wa magari ya mradi uliofungwa, mimi nikiwa sijaanza shule. Gari hilo ndilo lililotusomesha. Lilipeleka viazi Makambako, lilikimbiza wajawazito hospitali usiku wa manane, lilibeba maharusi na lilibeba majeneza. Sijui nyumba pale kijijini ambayo haina mtu aliyewahi kulipanda.

Limesimama bandani miaka mingi sasa. Mwaka jana tulikutana msibani, tukakubaliana watoto wote watatu tulifufue. Kaka yuko mgodini Geita, ndiye mwenye uwezo, akasema atatoa fedha. Mdogo wetu wa kiume alisomea umeme wa magari chuo cha ufundi cha VETA, ana kijiwe chake hapa mjini. Mimi nikapewa usimamizi kwa kuwa niko karibu na hesabu zangu hazipotei.

Sasa tumekwama, Mjomba. Kaka anataka tuweke injini ya dizeli ya Toyota, matairi mapana, gari liinuliwe, lipigwe rangi nyeusi isiyong'aa, na viti viwe vya ngozi. Injini ameshaitolea kishika uchumba huko Mwanza. Anasema ile ya zamani inakunywa mafuta na spea zake ni za kuombaomba. Nilimwonyesha Baba kwenye simu picha ya gari la namna hiyo. Akaangalia, akanirudishia simu, akasema, "Gari zuri. Ni la nani hilo?" Tangu siku ile hajauliza tena habari za gari lake.

Huku gereji nako ni mtihani. Fundi alifungua gari lote kwa mara moja, na kila nikifika anadai hela ya kitu kipya. Kabureta haionekani, kioo cha mlango kimevunjika na hakuna anayejua kimevunjikaje. Milango ameshaanza kuipaka puti. Mdogo wangu anasema chesisi imeoza, fundi anasema ni kutu ya juu tu. Kaka aliandika kwenye kundi la familia kwamba anayetoa hela ndiye anayeamua, mdogo wangu akajitoa kwenye kundi siku hiyo hiyo. Mama amechoka, anasema tuuze chuma chakavu tupate amani.

Nianzie wapi? Na ipo njia ya kumridhisha Kaka bila kumvunja moyo Baba?

Binti wa Mzee wa 109, Njombe

*

Marahaba, binti yangu. Poleni na msiba, na hongereni kwa kuamua jambo hili mkiwa watatu.

Baba ameuliza swali la haki na linastahili jibu. Itafute kadi ya gari leo. Kama ina jina lake, basi gari ni lake, na fedha za Kaka ni msaada wa mtoto kwa mzazi mpaka hapo Baba mwenyewe atakaposema vinginevyo. Kama bado ina jina la mradi ule wa zamani, nenda TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na karatasi za mnada ukaulize utaratibu sasa hivi, Baba akiwa hai na anaweza kusaini. Familia nyingi hugundua tatizo la kadi siku ya kugawa mirathi, na wakati huo aliyenunua matairi anajihesabu kuwa na nusu ya gari.

Halafu kuna umri wa Mzee. Miaka 77. Hiki ndicho ninachotaka mkikubali wote watatu kabla ya kununua hata nati: pangeni kazi ili Baba aendeshe mapema iwezekanavyo, mengine yote yafuate baadaye. Gari lenye rangi ya zamani iliyobabuka lakini breki zinashika, taa zinawaka na injini inavuta, linatosha kumpeleka kanisani Jumapili. Rangi na viti vinaweza kufanywa mwaka unaofuata, gari likiwa linatembea. Lakini mkianza na rangi na viti, nawahakikishia gari litakaa gereji mpaka fedha iishe, na Baba atakuwa hajaliendesha hata siku moja.

Kwa hiyo liondoe pale gereji. Usiende kugombana. Nenda na mdogo wako na mzee mmoja anayeheshimika, orodhesheni kila kilichopo na kila kisichopo, fundi asaini, mlipeni kazi aliyoifanya kweli, kisha mpakie kila kitu kwenye lori mrudishe kijijini. Kabureta ikipatikana, vizuri. Isipopatikana usipoteze usingizi. Series III nyingi za petroli zilitoka na kabureta ya Zenith, na ipo ya Weber yenye koo moja ambayo mafundi wengi wameziwekea gari hizi, inakaa bila kukata kitu.

Bandani kwa Baba ndipo mahali pa kazi hii. 109 ni gari la bolti na nati. Mabawa, milango na boneti vyote vinafunguka kwa spana za kawaida, na ndiyo maana familia inaweza kulifanya. Wajukuu wapewe makopo, kila kopo liandikwe bolti zake zimetoka wapi, na kabla kitu hakijafunguliwa kipigwe picha. Baba awekewe kiti karibu. Huna haja ya kumwomba afundishe, ataanza mwenyewe mara tu atakapoona mtu ameshika spana isiyo saizi yake.

Sasa chesisi, ambayo ndiyo itakayoamua kama mna gari au hamna. Mdogo wako na fundi wanabishana juu ya jambo linalopimika. Chesisi ya 109 ni boksi la chuma lenye uwazi ndani, na kutu yake huanzia ndani kuja nje, kwa hiyo rangi ya juu inaweza kuwa nzuri huku ndani kumebaki unga. Chukua nyundo ndogo na bisibisi nene. Lala chini na tochi, anzia boriti ya mwisho kabisa nyuma, njoo kwenye mashikio ya springi, kisha kwenye mikono ile inayotoka pembeni kushikilia kebini. Gonga taratibu. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na hapo ukisukuma bisibisi inazama au gamba la kutu linabanduka vipande vipande kama ukoko wa ugali. Weka alama ya chaki kila mahali pa namna hiyo, kisha muite fundi wa kuchomelea aone chaki zote pamoja, akupe bei moja.

Akate mpaka afike kwenye chuma safi, aweke bamba la milimita 2 au 3, asibandike kiraka juu ya kutu. Gari likae sawasawa kwenye stendi imara au magogo mapana, kamwe lisikae juu ya matofali wala juu ya jeki peke yake, na achomelee kipande kimoja kwanza ndipo akate kingine, chesisi isije ikapinda. Na nisikilize vizuri hapa: kwenye pikapu ya 109 tanki la petroli liko chini ya kiti cha mbele. Litolewe na lipelekwe mbali kabla cheche ya kwanza haijaruka. Tanki tupu ni hatari zaidi kuliko lililojaa, kwa sababu ya mvuke.

Ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kebini uukague pia, hasa pale mguu wa dereva unapokanyaga na pale bawaba za milango zinaposhika. Huo ni chuma na huoza. Bodi iliyobaki, karibu yote, ni aloi ya alumini. Chukua sumaku ya spika mbovu uiguse kwenye mlango, haitashika. Ndiyo maana gari la 1976 bado lina mabawa yake. Puti aliyoipaka yule fundi moja kwa moja juu ya alumini tupu itabanduka, kwa sababu alumini inahitaji praima yake maalumu ndipo rangi ishike. Na mahali bolti ya chuma inapokutana na alumini utaona unga mweupe, nao ni alumini inayoliwa. Safisha, paka praima, weka washa ya mpira au ya plastiki katikati.

Baada ya chesisi ni breki. 109 ina breki za drum magurudumu yote, na mipira iliyokaa miaka yote hiyo haifai tena hata kama inaonekana nzima. Badilisha hosi zote, ringi za masta silinda na silinda za magurudumu, na tumia oili ya breki ya kweli, maana mafuta mengine huvimbisha mpira. Vumbi la ndani ya drum lisipulizwe kwa upepo. Breki za zama zile zilitengenezwa kwa asbesto, inayoua mapafu polepole. Lowesha kwa maji, futa kwa tambara, tambara likatupwe, na wajukuu wasiwe karibu. Kuna kifaa kingine cha kuwazuia kabisa kukigusa: ile rilei ya usukani iliyosimama mbele, nyuma ya grili. Ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu kubwa, ikifunguliwa ovyo inaruka na kuvunja mkono au taya. Kama haina tatizo, iachwe.

Nije kwa Kaka. Nampenda huyu kijana, kwa sababu fedha ya mgodini hupotea kwa njia nyingi na yeye ameielekeza nyumbani. Na kwenye mafuta anasema kweli. 109 ya petroli yenye mzigo huenda kilometa 5 au 6 kwa lita moja. Kama mngekuwa mnaliandaa kusomba viazi kila siku ningekuwa upande wake. Lakini gari hili litakwenda shambani, kanisani, na kwenye harusi za majirani. Kwa safari hizo, bei ya injini ya Toyota na kazi yote ya kuipachika hairudi kamwe kwa mafuta mtakayookoa.

Kuipachika kwenyewe ndiko kunakonitia wasiwasi. Unahitaji bamba la kuunganisha injini ngeni na giaboksi ya zamani, mashikio mapya yachomelewe kwenye chesisi, rejeta na bomba la moshi vibadilishwe. Nguvu ikiongezeka, breki za drum zinabaki zile zile, na giaboksi na hafu shafti za nyuma zinabeba mzigo zisioujua. Injini yenu ni ya silinda nne, cc 2286, yenye nguvu za farasi 70 hivi, na gari zima lilitengenezwa kwa kadiri hiyo. Siku mkihitaji dizeli kweli, tafuteni 200Tdi ya Land Rover yenyewe, ile iliyokuja na Discovery mwaka 1989. Hukaa kwa marekebisho machache kuliko ya Toyota. Na injini ikibadilishwa, namba ya kwenye kadi nayo ibadilishwe TRA. Namba ya zamani iko juu ya bloku, upande wa manifoldi. Ya chesisi imegongwa mbele kulia, kwenye shikio la springi. Zipigeni picha zote mbili kabla hazijapigwa msasa zikafutika.

Kabla ya yote hayo, je, kuna mtu aliyejaribu kama injini ya zamani inazunguka? Mtoe plagi zote nne, mmimine oili kidogo kila silinda, muache siku kadhaa. Kisha mwite Baba na hendeli yake. Azungushe mdogo wako, Baba asimamie, na amkumbushe kuweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, maana hendeli ikirudisha teke huvunja kidole gumba kinachozunguka mpini. Ikizunguka, mna injini. Mpigie Kaka hapo hapo, Mzee akiwa kando, asikie mwenyewe.

Umpigie, usiandike kwenye kundi. Mambo ya fedha na mzazi hayajadiliwi kwa maandishi mbele ya mashemeji. Mwambie Kaka: "Baba anataka kuendesha, na bila wewe hataendesha." Hiyo ni kweli, maana chesisi na breki ndizo zitakazokula hela nyingi, na hazionekani kwenye picha. Kisha mpe injini iwe kazi yake. Aje likizo ya Desemba aifufue kwa mikono yake: ringi, gasketi, kusaga valvu, kuziseti nafasi yake kwa fila geji ya inchi 0.010 na kuunganisha waya za plagi kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Hata kama hajawahi kuifungua, hii ni injini inayofundishika, na mwalimu yupo. Mtu aliyetoa jasho kwenye injini hiyo hataitamani tena ya Mwanza. Kishika uchumba akiombe kirudishwe, au yule muuzaji ambadilishie kwa spea.

Na matamanio yake yasikataliwe yote. Nina kanuni moja ninayoitumia kwa kila gari la zamani: mabadiliko yanayoweza kurudishwa siku yoyote kwa spana, ruhusa. Yanayohitaji gesi ya kukatia, hapana. Viti vizuri vinafungwa kwenye matundu yale yale, na kwa mgongo wa Mzee mimi mwenyewe ningevinunua kabla ya redio. Mikanda ya usalama iwekwe, wajukuu watapanda. Mdogo wako ang'oe wayaringi yote ya zamani, asuke mpya yenye fyuzi za kutosha na rilei za taa kubwa, kwa sababu kwenye mfumo wa zamani umeme wote wa taa unapita kwenye swichi na mwanga unafika umefifia. Hapo ndipo VETA yake itakapoonekana, na atakuwa na sababu ya kurudi kwenye kundi la familia. Matairi mapana nayakataa: gari halina pawa stelingi, lilitoka na 7.50-16, na tairi pana litamfanya Baba ashindwe kugeuza usukani kwenye ua wake mwenyewe. Kuinua gari ni hapana pia. Mama anapandaje?

Rangi achague Baba. Kabla hajachagua, mpe msasa wa maji, namba 400, asugue taratibu kona ya ndani ya mlango. Rangi zote zilizopita zitatokea moja baada ya nyingine, aliyoipiga yeye, ya mradi, na ya kiwandani chini kabisa. Nyeusi ya Kaka iwekwe kwenye rimu au kwenye vyuma vya turubai, na ikiwa rangi ya bodi itatofautiana na iliyoandikwa kwenye kadi, TRA wajulishwe.

Spea usiziogope kama Kaka anavyoziogopa. Nyanda za juu kusini na Arusha bado zina 109 nyingi, zinazotembea na zilizolala. Arusha walifanya tamasha zima la Land Rover mwezi Oktoba 2024. Tafuteni gari bovu la kung'oa vipande, mara nyingi ni rahisi kuliko kununua kimoja kimoja. Vya mpira na vya breki nunua vipya Kariakoo, au Nairobi barabara ya Kirinyaga, na beba cha zamani mkononi ukalinganishe dukani.

Fedha ipitie kwako kwa hatua: chesisi ikikamilika na kukaguliwa ndipo breki, breki zikikamilika ndipo injini. Daftari moja, risiti zibandikwe humo, na kila mwisho wa mwezi Baba asomewe. Siyo Kaka peke yake.

Mama usimlaumu. Anayeona watoto wake wakigombana hutaka kitu kinachowagombanisha kiondoke. Gari likirudi nyumbani na kelele zikiisha atabadilika, na nadhani anakumbuka safari nyingi za gari lile kuliko ninyi nyote.

Anza na kadi na lori la kulirudisha gari. Ukishagonga chesisi, niandikie chaki zimefika wapi, hasa kama boriti ya nyuma na mashikio ya springi yameoza yote mawili, kwa maana hapo tutazungumzia kutafuta chesisi nyingine na namba yake, na hilo lina taratibu zake za kisheria. Msalimie sana Mzee.